Matibabu ya moyo kwa njia ya intaneti: nani anajibu upande wa pili?

Maneno yaliyotolewa na timu yetu mbele ya viongozi wa wakimbizi wa ndani, familia za wapokezi na wajumbe wa baraza la amani



Tumeombwa leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana la mbali: watu kutibiwa huzuni na wasiwasi kwa njia ya kompyuta au simu, bila kuonana uso kwa uso na mganga. Wengine kati yenu mmetuambia kwamba mmeshaonyeshwa programu za namna hiyo na kuombwa muwaandikishe watu. Wengine mna watoto walioko Kampala, Nairobi au Ulaya, nao wamewatumia ujumbe wakisema, "Mama, jaribu hii, itakusaidia kulala." Swali mnalotuletea ni moja: je, inafanya kazi kweli, au ni mradi mwingine wa kupita?

Jibu letu ni hili. Inafanya kazi, na imepimwa kwa zaidi ya miaka 20. Lakini inafanya kazi hasa pale ambapo kuna mtu upande wa pili anayesoma, anayeuliza, anayejibu. Mahali mashine imeachwa peke yake na mgonjwa, wengi wanaiacha njiani. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka muijue kabla hamjakubali au kukataa kitu chochote kwa niaba ya watu wenu.

Kwa nini watu wa kazi ya amani wajiingize katika habari za matibabu? Katika vikao vya kusuluhisha migogoro ya mashamba tunakutana na mtu ambaye hajalala vizuri tangu siku aliyokimbia. Akisikia pikipiki usiku, anaruka. Mwenzake akiinua sauti kidogo, yeye ameshasimama. Huyo tunamwita mkorofi, na katika ripoti tunaandika kwamba amekataa mapatano. Kuna na mwingine anayekubali kila kitu, anatia sahihi, halafu haonekani tena, kwa kuwa hana nguvu ya kutaka chochote. Mapatano ya watu wawili wa namna hiyo hayadumu. Hatusemi kwamba kila mgogoro ni ugonjwa. Mashamba yamechukuliwa kweli, na waliotenda mabaya wapo kweli. Ila mtu ambaye moyo wake umevunjika anahitaji msaada hata ili aweze kudai haki yake.

Wataalamu wanatenganisha hali mbili. Ya kwanza ni wasiwasi uliopita kiasi: moyo kwenda mbio, jasho, kushtuka, kungoja mabaya hata mahali ambapo kwa saa hiyo hakuna hatari. Ya pili ni huzuni nzito, ambayo vitabu vya Tanzania huiita sonona: majuma mawili au zaidi mtu amepoteza hamu ya chakula, ya kazi, ya watoto wake, na anajiona hafai kitu. Mara nyingi hali hizo zinakuja pamoja, na mara nyingi zinasema kwa njia ya mwili: kichwa, mgongo, tumbo, moto kifuani. Huko Zimbabwe wanaita hali hiyo kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi tunasema mtu ana mawazo mingi. Si wazimu, si laana, si uvivu. Vilevile si kila machozi ni ugonjwa. Anayelia katika matanga anaomboleza, na huyo anahitaji majirani tu.

Matibabu tunayozungumzia leo ni ya kisaikolojia, yaani ya mazungumzo na mazoezi. Hakuna sindano wala vidonge. Zoezi moja ni kurudia kazi ndogo ambazo mtu ameziacha: kwenda kuchota maji pamoja na jirani, kusuka, kuimba katika kwaya. Anazipangia siku na saa, na anazifanya bila kungoja hamu irudi kwanza, kwa sababu mara nyingi hamu inafuata kazi. Zoezi lingine ni kulishika wazo linalomtesa, kwa mfano, "Mtoto wangu alikufa kwa sababu nilikimbia polepole," na kulichunguza kama wazee wa baraza wanavyomchunguza shahidi. Saa ile ulijua nini? Ungeweza kufanya nini zaidi? Nani hasa alikuwa ameshika bunduki? Masomo haya yana hatua zinazojulikana, na kwa hiyo yanaweza kuandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kutumwa mbali. Ndipo intaneti ilipoingia.

Kati ya walioanza mapema ni Alfred Lange na wenzake katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa na njia yao waliyoiita Interapy, kwa ajili ya watu waliopatwa na jambo la kutisha. Mgonjwa aliandika mara 10 katika majuma matano, kila mara dakika 45. Maandishi manne ya kwanza yalikuwa juu ya tukio lenyewe: alichokiona, alichokisikia, alichokisikia mwilini. Manne yaliyofuata yalikuwa barua kwa rafiki wa kuwaza tu, ambaye yamempata mambo yaleyale: umshauri nini, umwambie nini anapojilaumu? Tunaipenda sana sehemu hii, maana watu wengi wanaojihukumu bila huruma wanajua vizuri jinsi ya kumhurumia mwenzao. Mawili ya mwisho yalikuwa barua ya kuaga yaliyopita. Na kila baada ya maandishi kadhaa mtaalamu alisoma na kurudisha jibu lililoandikwa kwa ajili ya mtu yule, si jibu la wote.

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilitoa programu iitwayo MoodGYM, iliyowafundisha watu mazoezi ya kupambana na huzuni. Mwaka 2004 watafiti wake, Helen Christensen na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 525. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: waliofuata programu, waliosoma maelezo tu juu ya ugonjwa wa huzuni na matibabu yake, na waliopigiwa simu ya mazungumzo ya kawaida bila matibabu. Makundi mawili ya kwanza yalipata nafuu kuliko la tatu. Watu wengi walioisoma habari hiyo walishika sehemu ya kompyuta na kusahau sehemu nyingine: watu wa makundi yale mawili walikuwa wakipigiwa simu kila juma na watu wa kawaida, wasio wataalamu, waliowaelekeza nini cha kufanya juma hilo.

Tusimame kidogo kwenye neno "kura", kwa sababu katika kamati zetu linaleta mashaka. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa inafaa hawezi kuwapa watu wote na kuona wangapi wamepona, maana wengine hupona wenyewe kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo anagawa watu kwa kura, kundi moja linapata sasa, lingine linangoja au linapata msaada wa kawaida, kisha anawalinganisha. Kura ya haki inazuia mtu kuwachagua ndugu zake au wale wenye afya zaidi. Kufanya hivyo si kuwadharau waliobaki. Lakini mna haki ya kuuliza kwamba wanaongoja watangoja muda gani, na kama hali ya mmoja wao ikiwa mbaya katikati, nani atamshughulikia. Mtafiti mwenye heshima ana jibu tayari.

Huko Uswidi, Gerhard Andersson na wenzake walitangaza mwaka 2005 matokeo ya watu 117 wenye huzuni ya kadiri. Waliopata masomo ya intaneti, na mtu wa kuwasomea kazi zao na kuwaandikia, walipungukiwa na huzuni kuliko wale waliokuwa bado wanangoja. Baadaye huduma ya afya ya umma mjini Stockholm ilifungua kliniki yake ya intaneti. Mambo yalionekana kwenda vizuri mno, na serikali kadhaa zikaanza kuhesabu fedha ambazo zingeokolewa.

Kisha likaja jaribio la Uingereza. Huko, tangu mwaka 2006, taasisi inayoshauri hospitali za umma ilikuwa imekwisha kupendekeza programu moja ya kompyuta kwa watu wenye huzuni. Mwaka 2015 Simon Gilbody na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 691 wa madaktari wa kawaida. Wengine walipewa programu hiyo, wengine MoodGYM, wengine waliendelea na daktari wao tu. Waliopewa programu hawakupata nafuu zaidi ya wale waliokuwa na daktari peke yake. Sababu haikuwa ngumu kuiona: wengi hawakuzitumia programu hizo. Walifungua mara moja au mbili, wakaacha. Kulikuwa na simu za kuwakumbusha na kuwasaidia mambo ya ufundi, lakini hakukuwa na mtu wa kutembea nao katika masomo yenyewe. Mtu mwenye huzuni nzito ni yule ambaye hata kuoga kunamshinda. Kumpa masomo na kumwacha ni kama kumpa jembe mtu aliye kitandani.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Eirini Karyotaki walikusanya majaribio 39 yenye watu 9,751 na kuwatazama mmoja mmoja. Waliona kwamba kwa wenye huzuni nyepesi, kuwa na msaidizi au kutokuwa naye kulileta tofauti ndogo. Kwa wenye huzuni ya kati na nzito, msaidizi alileta faida ya wazi. Na huyo msaidizi si lazima awe daktari mkubwa. Katika majaribio mengi ni mtu aliyefundishwa, anayetumia dakika chache kwa juma kwa kila mgonjwa, na ambaye mwenyewe ana mtu wa kumwuliza akikwama.

Mtatuambia: hao wote ni watu wa nchi za amani, wenye umeme na nyumba za kufungwa mlango. Ni kweli. Kwa hiyo tuje kwa watu waliokuwa vitani.

Kituo kimoja cha Berlin, Ujerumani, kinachotibu watu walioteswa, kiliichukua njia ya Amsterdam na kuigeuza kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wa Iraq. Christine Knaevelsrud na wenzake walitangaza matokeo yake mwaka 2015. Waliingia watu 159, na walioandikiwa majibu walikuwa wakisomwa na wataalamu wanaosema Kiarabu, wakati nchi yenyewe bado haina usalama. Katika waliomaliza matibabu, karibu 6 kati ya 10 waliponyoka katika dalili za kiwewe, wakati kati ya waliokuwa wakingoja karibu hakuna aliyepona. Ni matokeo makubwa. Ila wengi waliacha kabla ya mwisho, na wote walikuwa watu wanaojua kusoma na kuandika na wenye intaneti. Mama wa shambani ambaye hajapita darasa la pili hayumo katika hesabu hiyo.

Jaribio linalotugusa zaidi ni la Lebanoni. Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na wizara ya afya ya nchi ile, walitengeneza programu fupi ya simu ya vipindi vitano. Badala ya masomo makavu ni hadithi yenye picha: mtu aliyepitia huzuni anasimulia jinsi alivyoanza tena kufanya kazi ndogondogo, kutuliza pumzi, kutafuta watu wake. Kila juma msaidizi aliyefundishwa, asiye mtaalamu wa magonjwa ya akili, alizungumza na mtumiaji kama dakika 15 kwa simu au kwa ujumbe. Jaribio moja lilifanywa kwa Wasiria 569 waliokimbilia huko, kati ya Desemba 2019 na Julai 2020. Kumbukeni miezi hiyo: fedha ya Lebanoni ilikuwa inaanguka, watu wako barabarani, na ugonjwa wa korona umeingia. Hata hivyo, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, waliopata programu na msaidizi walipungukiwa na huzuni kuliko wengine, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hapo tena wengi hawakufika mwisho. Lakini imeonyeshwa kwamba mkimbizi, katikati ya matatizo yanayoendelea, anaweza kusaidiwa kwa simu. Wale wanaosema tungoje kwanza vita viishe ndipo tushughulike na mioyo ya watu, sasa wana la kujibu.

Sasa turudi karibu na nyumbani, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Kaskazini mwa Uganda, katika makao ya wakimbizi ya Rhino Camp, OMS na washirika wake walijaribu njia nyingine kwa wanawake 694 kutoka Sudani Kusini, katika vijiji 14. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Hawakutumia intaneti kabisa. Sauti ya mwalimu ilirekodiwa kwa lugha ya wale wamama, ikasikilizwa na kundi la watu 20 hadi 30 kwa wakati mmoja, mara tano, pamoja na kitabu cha picha ambacho asiyejua kusoma anaweza kukifuata. Wawezeshaji walikuwa wanawake wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Kazi yao ilikuwa kuwasha chombo, kuongoza mazoezi, na kuona nani analia pembeni. Miezi mitatu baadaye mateso ya moyo yalikuwa yamepungua kwa wale waliosikiliza kuliko katika vijiji vingine. Kwa maoni yetu, jambo hili linastahili kuzungumzwa zaidi kuliko programu nyingi za simu zinazotangazwa mijini.

Na kwetu hapa Kongo? Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya Judith Bass na wenzake katika Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kijinsia walishiriki. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, katika vingine walipata matibabu ya kundi: kipindi kimoja cha mtu peke yake, kisha vipindi 11 vya kundi la watu sita hadi wanane, wakijifunza kuyachunguza mawazo ya kujilaumu kama tulivyoeleza. Fomu za kuandika ziliondolewa, mazoezi yakawekwa katika maneno ya kukariri, maana wengi hawakujua kuandika. Miezi sita baada ya matibabu, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika makundi, na asilimia 42 kwa wale wa msaada wa mmoja mmoja. Waliowatibu walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, Wakongomani, wanawake wa hapahapa.

Kwa nini tunaleta habari hii wakati tunazungumza juu ya intaneti? Kwa sababu huko nako waya ulikuwepo, ila ulipita mahali pengine. Wasaidizi wa vijijini walizungumza kila juma na wasimamizi wao kwa simu au kwa kuonana, na juu ya wasimamizi kulikuwa na wataalamu waliowasiliana kila juma na wakufunzi walioko Marekani. Simu ilimsaidia msaidizi, na msaidizi akamsaidia mgonjwa. Tukiulizwa fedha ndogo ya mega iwekwe wapi, tutaiweka hapo kwanza. Mama mmoja aliyefundishwa vizuri, mwenye simu yenye chaji na mtu wa kumpigia anapokutana na jambo zito, anaweza kufikia watu wasio na simu kabisa.

Kuna mambo ya mahali petu ambayo watafiti wa Ulaya hawana haja ya kuyafikiria. Simu moja ni ya nyumba nzima. Mara nyingi inakaa kwa baba, au kwa kijana anayejua namba ya siri. Mwanamke aliyeandika humo yaliyompata porini ameyaandika mbele ya mume wake, wakwe zake na watoto. Na barabarani kuna barieri, na kwenye barieri simu hufunguliwa. Maneno juu ya nani alikuja usiku ule, amevaa nini, amesema lugha gani, yanaweza kumletea mtu kifo. Kwa hiyo njia ya kuandika tukio lenyewe, hata kama imefaa Amsterdam na Iraq, sisi hatungependa iletwe hapa jinsi ilivyo. Mazoezi ya kazi ndogo, ya pumzi, ya kutafuta watu, hayana hatari hiyo. Habari ya siku ile isemwe kwa mdomo, kwa mtu anayeaminika, chini ya paa ambalo halina masikio.

Halafu mtandao wenyewe. Mnakumbuka kwamba tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi kama majuma matatu baadaye. Mnakumbuka Januari 2025, Goma ilipochukuliwa, na majuma yaliyofuata, wakati kambi za pembezoni mwa mji zilipobomolewa na watu wakatawanyika, wengine kwa mara ya tatu au ya nne. Programu yoyote iliyojengwa juu ya mnara mmoja wa simu, au juu ya kambi moja, ingekatika siku hiyo, na mgonjwa katikati ya matibabu. Anayeleta mradi aeleze tangu mwanzo atafanya nini siku mtandao ukikatika. Kama hajawahi kufikiri juu yake, bado hajui anakokuja.

Siku hizi zimekuja pia mashine zinazojibu zenyewe kama mtu. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walitangaza jaribio la watu wazima 210, na dalili za wale waliozungumza na mashine ya namna hiyo zikapungua vizuri. Hatuwezi kulipuuza. Lakini hata huko kulikuwa na wanadamu waliokuwa wakiyasoma mazungumzo ili wamwahi mtu aliye hatarini, na mashine ilisema Kiingereza na watu wa Marekani. Mashine inayozungumza Kiswahili cha vitabu itaelewa nini mama wa Masisi akisema roho yake imekauka? Vijana wenu wameshaanza kuzungumza na mashine hizi katika simu, bila kumwambia mtu. Msiwafokee. Waulizeni tu wanaambiwa nini, na mwambieni mtoto kwamba mashine haiwezi kuja kubisha mlango wake usiku.

Hapa lazima tuseme jambo kwa uzito. Mtu anayesema anataka kufa, au anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga, huyo si mtu wa kuachiwa programu. Majaribio mengi tuliyoyataja yaliwaondoa watu wa namna hiyo tangu mwanzo na kuwapeleka kwa daktari. Nanyi fanyeni hivyo. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asilale peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za shambani, kamba na silaha. Mtu mmoja amsindikize hadi kituo cha afya na kukaa naye mpaka amepokelewa. Kila bloki ichague tangu leo nani ataamshwa usiku jambo hilo likitokea, na majina yajulikane.

Na jambo lingine tunalolisema kwa wenzetu wa mashirika. Familia iliyokosa unga kwa siku mbili haina upungufu wa mazoezi ya pumzi. Tumeona hatari ya njaa na dhuluma kugeuzwa kuwa "tatizo la kisaikolojia", kwa kuwa mafunzo ni rahisi kuliko mifuko ya chakula, na kuliko kumkabili aliyechukua shamba. Matibabu ya moyo yasichukue nafasi ya chakula, ya usalama, wala ya haki. Vilevile chakula peke yake hakimrudishii usingizi mtu aliyeona watoto wake wakiuawa. Vyote viwili vinatakiwa, na kiongozi asikubali kuambiwa achague.

Basi, mtu akija na simu mkononi na ahadi, mketisheni, mpeni maji, na mwulizeni kwanza: nani anajibu upande wa pili? Anaitwa nani, yuko wapi, anasema Kiswahili cha hapa, Kinyarwanda, Kinande, Mashi? Anajibu baada ya saa ngapi? Naye ana nani wa kumwuliza? Yanayosemwa yanawekwa wapi, na nani anaweza kuyafungua? Mtu akitaka yafutwe, yanafutwa na nani? Mradi ukiisha baada ya miezi sita, waliobaki katikati wanakabidhiwa kwa nani? Mkijibiwa kwa majina na saa, endeleeni kuzungumza. Mkijibiwa tu kwamba programu ni nzuri na imeshinda tuzo, mshukuruni kwa kutembea.

Tumemaliza upande wetu, na sasa ni nafasi ya maswali. Tungeomba wamama waanze, kwa kuwa juma lililopita wababa walikula muda wote. Wale ambao wana jambo lisilofaa kusemwa mbele ya watu, wasaidizi wetu wawili, wote wanawake, wameketi nyuma ya ghala na watakuwa hapo hadi saa kumi. Hawana daftari wala simu mezani.